Mchungaji Asiye na Kusanyiko

Harmon, Pensilvania
3 Juni 2007

Babu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa, na yule paka bado anakupangia saa za kula. Sisi tuko salama, kama neno hilo linaweza kumbeba Wendell. Jumanne alipanda kubadilisha vigae kwenye paa la shule, akashuka kwa makalio, ngazi moja baada ya nyingine, kama mtoto anayejifunza. Nilidhani ni mzaha wake wa kawaida. Nikaenda kumcheka, nikaona midomo yake imegeuka zambarau.

Daktari amempima. Anasema mlango mmoja wa moyo haufungi sawasawa, damu ikitoka inarudi. Lazima apasuliwe awekewe mwingine, kabla ya mwaka kwisha.

Fundi wa mapaa hana bima, unajua. Mimi ninayo ya ofisi ya maji, na inamkubali mume. Mchumba haimjui. Kwa hiyo harusi tuliyoipanga mwakani itakuwa Agosti hii, bustanini kwako, ukiridhia.

Na kuna ombi la pili, ndilo lililonikalisha kuandika. Nataka wewe ndiye utufungishe ndoa. Wendell hana kanisa. Letu la Walatvia lilifungwa wazee walipokwisha. Baba yangu hayupo tena wa kunishika mkono, na mama yuko Florida na mume wake. Siku hizi mtu anaingia kwenye kompyuta, anaandika jina lake, anabarikiwa kuwa mchungaji, basi. Mwenzangu wa kazini alifungishwa ndoa na daktari wake wa meno. Nenda maktaba, mkutubi atakuonyesha.

Usinikatalie kwa barua. Ukitaka kukataa, panda basi uje uniambie usoni.

Wendell anakusalimu. Anasema nikwambie kwamba siku ya harusi hataiba vijiko vyako.

Mjukuu wako,
Zaiga


Slate Hollow
11 Juni 2007

Marahaba, mke wangu, maana mpaka Agosti bado nina haki ya kukuita hivyo. Goti linaniuma kwa wastani. Paka hajambo.

Nilikwenda maktaba mvua ikinyesha. Miwani ilikuwa bado na ukungu nilipomaliza, nami tayari ni mchungaji. Nilikulia katika imani kwamba mtu huwekewa mikono kichwani na wachungaji waliomtangulia, nao waliwekewa na wengine, kurudi nyuma mpaka mbali sana. Mimi nimewekewa mkono mmoja, wa mkutubi, begani, naye akaninong'oneza, sikusikia, akarudia kwa kuandika: *Hongera, mchungaji. Sasa toa nafasi, kuna mtu anangoja kiti.*

Basi sikukatai. Lakini ninaogopa, na ni haki yako kujua ninaogopa nini.

Baada ya vita kuu ya pili, tulipokuwa wakimbizi wa Kilatvia kambini Ujerumani, walikuja maofisa kuchambua watu. Walikaa nyuma ya meza, wakaomba vyeti. Cheti cha ndoa cha baba na mama kilikuwa kimeungua pamoja na kanisa lenyewe. Mama alieleza, mkalimani akafasiri, ofisa akasikiliza kwa adabu kabisa, kisha akamwandika mama kwenye orodha ya wanawake wasio na waume. Orodha ile ilikuwa inakwenda kambi nyingine. Alipokuja kujua, siku mbili mama hakufungua mdomo, si kwa chakula wala kwa maneno. Mchungaji mmoja, mkimbizi kama sisi, ndiye aliyetuokoa. Aliwafungisha tena katika kibanda chetu, kwa pete ya pazia, akaandika cheti kipya. Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nilishika mshumaa katika harusi ya baba na mama yangu.

Tangu hapo, Zaiga, sina dharau na karatasi. Najua inaweza kumtenga mtu na mwenzake wakiwa wamekaa benchi moja. Na hii niliyopewa na mashine, naigeuza huku na huku, naiona nyepesi mno.

Kuna na jambo la pili. Yale maneno ya mwisho ya kiapo, ya kifo kututenganisha. Unataka niyatamke mbele ya kijana mwenye moyo usiofunga mlango? Niruhusu niyaruke.

Babu yako,
Arvids


Harmon
19 Juni 2007

Babu,

Shikamoo tena, na pole kwa goti. Ile habari ya pete ya pazia hukuwahi kunisimulia. Niliisoma mara ya pili nikimsomea Wendell, akanyamaza, na wewe unajua kumnyamazisha Wendell si kazi ndogo.

Nilimpigia Bi Shunk, karani wa ndoa katika mahakama ya huko kwenu. Amesema kibali kinataka sahihi ya mchungaji, naye hana kipimo cha kupimia wachungaji. Ametoa vibali vya namna hiyo miaka mingi. Basi tulia.

Kuhusu maneno ya mwisho, nilimuuliza mwenyewe. Alikuwa anamenya viazi, hakuinua hata kichwa. Akasema, "Mwambie Babu ayaache yakae humo. Tukiyaruka, yatatufuata mpaka nyumbani."

Mjukuu wako,
Zaiga


Slate Hollow
14 Septemba 2007

Mjukuu wangu,

Salamu nyingi kwako na kwa yule mshindani wangu aliyenishinda. Anaendeleaje? Anakula? Bado analala ameegemea mito mitatu? Tangu mwondoke bustani imekuwa kubwa kupita kiasi. Majirani bado wanazungumzia mkate mweusi wa rai aliouoka jirani yangu Hilda, na namna ulivyoimba ulipovuliwa taji la bibi harusi, kwa desturi yetu Walatvia.

Sikuwaambia siku ile, lakini sikusikia neno hata moja la viapo vyenu. Masikio yangu yalibaki kiwandani, kwenye mashine za kuchapa, na upepo ulikuwa unavuma kwenye mwaloni. Nilisoma midomo. Yako ilikuwa inatetemeka. Yake ilikuwa na rangi ya zabibu, ila maneno yalikamilika, nami nikayajibu kwa sauti ambayo Hilda anasema ilisikika mpaka barabarani.

Sasa nikueleze kwa nini naandika leo, na tafadhali kaa kwanza.

Nimeweka ndani ya barua hii kipande cha gazeti. Katika kaunti jirani jaji amebatilisha ndoa ya watu wawili kwa sababu aliyewafungisha alibarikiwa kwa kompyuta. Jaji anasema sheria ya Pensilvania inamtaka mchungaji mwenye kusanyiko analolihudumia mara kwa mara. Nilianza kuhesabu kusanyiko langu. Kuna paka. Kuna Hilda, anayekuja kuazima sukari, naye ni Mkatoliki. Jana nilimuuliza kama angekubali kuja Jumapili tuketi pamoja, hata nusu saa, tuimbe kitu. Alinitazama kama mtu aliyegongwa na kigae.

Nilifikiri nikufiche mpaka Wendell apasuliwe. Kisha nikamkumbuka mama, ambaye kila mtu kambini alijua jina lake liko orodha gani isipokuwa yeye. Ndiyo maana nakwambia. Hukumu ile si ya kaunti yetu. Pengine haitavuka kilima. Lakini cheti chenu kina sahihi yangu, na sahihi yangu ni ile ile ya mashine.

Nijibu upesi.

Babu yako


Harmon
9 Novemba 2007

Babu mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe ukimya. Barua zako zote tatu nilizipata. Kila nilipoketi kuzijibu nilijiambia nitangoja mpaka kuwe na habari njema, na haikuja.

Mwanzoni tuliamua tusiliguse jambo hilo. Wendell alisema nyoka akilala usimkanyage mkia. Alikuwa anapanda ngazi za nyumba kwa mapumziko mawili, kisha matatu, akisema anahesabu misumari ya zulia. Tarehe ya upasuaji ikapangwa, katikati ya Desemba. Nikaanza kupata usingizi kidogo.

Wiki iliyopita ofisi ikatoa tangazo: kila aliyemwingiza mwenzi kwenye bima mwaka huu alete cheti cha ndoa, na aeleze kilitolewa wapi na mchungaji ni wa kanisa gani. Wanakagua. Ukionekana umeingiza mtu asiye mwenzi wako kisheria, anatolewa kuanzia siku ya kwanza, na wewe unaitwa ofisini.

Nilimpigia tena Bi Shunk. Aliniomba nimsomee tangazo lote. Halafu akasema, "Binti, kaunti yetu haijamfungulia mtu kesi. Lakini nikikwambia ulale usingizi, nitakuwa nakudanganya."

Nikachukua cheti chetu, nikakikunjua mezani. Niliona jina lako na mwandiko wako wa kupanga chapa, herufi zimenyooka kama askari. Babu, nilitamani lisiwepo. Kisha nikalia, kwa sababu katika harusi yote ile hilo ndilo nililolitaka.

Hospitali haitampasua mtu asiye na bima, au itampasua na tutakuwa tunailipa mpaka uzee. Wendell anajua, na hilo ndilo linalonitisha zaidi, kwa sababu juzi alisema taratibu, akifunga viatu, kwamba pengine angojee kidogo. Asubiri nini? Daktari amesema moyo ule hauna subira.

Naogopa kufungua mlango wa ofisi. Naogopa kuamka nimguse nikute baridi. Niambie la kufanya.

Zaiga wako


Slate Hollow
14 Novemba 2007

Zaiga wangu,

Pole, mwanangu, pole tena. Barua yako ilifika saa nne, na mpaka sasa sijala, lakini nimefikiri vizuri. Nisikilize.

Tulipofika nchi hii hatukuwa na mtu. Waliotudhamini ni familia ya wakulima, akina Pennock, watu wa dhehebu la Marafiki. Ndivyo wanavyojiita. Hawana mchungaji. Ibada yao ni kukaa kimya katika chumba kisicho na picha mpaka mtu asukumwe kusema kitu, na siku nyingi hakuna anayesukumwa. Kwa kijana aliyetoka kusikia mabomu, ulikuwa ukimya wa ajabu. Niliupenda kabla sijajua Kiingereza.

Binti yao Lydia aliolewa mwaka wa pili tangu tufike. Nikavaa koti la kuazima, nikaketi benchi la nyuma, nikangoja mwenye joho aingie. Hakuingia mtu. Tulikaa kimya muda mrefu. Kisha Lydia na kijana wake wakasimama wenyewe, wakashikana mikono, kijana akasema kiapo chake, Lydia akasema chake, wakaketi. Mzee Pennock alipoona nashangaa alinieleza baadaye zizini, polepole ili nielewe: hakuna binadamu mwenye uwezo wa kuwaunganisha watu wawili. Wanaungana wao. Sisi wengine tunaona, na tunaandika kwamba tumeona. Na kweli, ilitandazwa karatasi kubwa, kila aliyekuwemo akaweka jina, hata mleta maziwa, hata mimi.

Sheria ya Pensilvania inawajua watu hawa tangu zamani. Kipo kibali kisicho na mahali pa mchungaji. Kina mahali pa mashahidi wawili tu. Mnakwenda wewe na mume wako mahakamani, wote wawili kwa miguu yenu, mnakiomba kwa jina hilo, kibali cha Marafiki, mnangoja siku tatu, mnakipata. Kisha mnaambiana wenyewe. Hakuna jina langu humo, kwa hiyo hakuna jaji wa kuuliza kusanyiko langu liko wapi.

Usiangalie uso wangu katika jambo hili. Mashine ilinivisha uchungaji. Nivue wewe, na uharakishe. Mama yangu aliolewa mara mbili na mtu mmoja, na mara ya pili ndiyo iliyotufikisha hapa.

Usimwache Wendell asubiri. Mwambie mimi nimesema.

Babu yako


Harmon, wodini
6 Desemba 2007, Alhamisi

Babu,

Shikamoo. Naandika nikiwa nimeketi kando ya kitanda, karatasi iko gotini, nisamehe mwandiko.

Jumatatu tulikwenda mahakama ya hapa Harmon. Ilituchukua muda mrefu kutoka kwenye gari mpaka kaunta, na alipofika Wendell alishika ubao kwa mikono miwili kama mlevi. Nikaomba kibali ulichoniambia. Karani akatutazama juu ya miwani.

"Ninyi ni Marafiki?"

Nikasema babu yangu alilelewa nao. Akasema babu hasimami hapa, anauliza sisi. Nikafikiri basi, ndiyo mwisho, tumefika kwenye meza ile ile ya kambini.

Wendell akasema, "Mama, pumzi ya kubishana sina. Nikikaa kimya itatosha?"

Na kweli akakaa kimya. Aliketi kwenye kiti pale, akafumba macho, kifua kinapanda na kushuka. Watu nyuma yetu wakanyamaza nao. Yule mama alimtazama kwa muda, kisha akavuta muhuri. Akaniambia nirudi Alhamisi.

Jumatano asubuhi Wendell alianguka kwenye ngazi. Gari la wagonjwa lilimchukua. Daktari amesema hatuwezi kungoja katikati ya mwezi, anapasuliwa kesho. Na karatasi ilikuwa mahakamani, na theluji ilikuwa imeanza. Leo nilitembea kwenda kuichukua, mabasi yamesimama. Niliificha ndani ya koti, juu ya ngozi, nikiogopa isilowe.

Tumefunga ndoa saa tisa mchana, Babu. Nesi wa zamu alifunga mlango. Jirani wa kitanda, mzee Delmar, aliyepasuliwa wiki jana, aliomba aketishwe vizuri kwa sababu hashuhudii harusi akiwa amelala. Tulikaa kimya kama ulivyosimulia. Mashine ya moyo tu ndiyo ilikuwa inasema. Sikujua ukimya unakwisha vipi, nani anaamua. Kisha Wendell akanishika mkono na kuanza.

Tulisema maneno yako yale yale ya bustanini. Yote, mpaka ya mwisho. Wendell alipofika hapo alisimama kuvuta pumzi, na mzee Delmar akasema, "Usikimbie, kijana, hatuna treni."

Nesi na Delmar wametia sahihi kibali. Halafu nikatandaza karatasi nyingine, ya kwetu, kama ile ya kina Pennock. Wameandika wao, ameandika mfagiaji wa wodi, na mama aliyeleta supu. Naiweka ndani ya barua hii. Juu kabisa tumeacha mstari mtupu. Wendell anasema usisaini kama mchungaji. Saini kama mtu aliyekuwepo.

Wanakuja kumchukua kesho alfajiri. Sasa amelala. Namtazama kifua tu.

Mjukuu wako,
Zaiga


Slate Hollow
10 Desemba 2007

Mjukuu wangu,

Barua yako imefika leo na gari la kukwangua theluji. Leo ni Jumatatu. Ijumaa imekwisha kupita, na mimi sijui imepita vipi.

Waya za simu zimeanguka tangu Alhamisi. Hilda anainua simu yake kila mara, anaiweka sikioni, ananitikisia kichwa. Barabara ya mlimani imefungwa, nilikwenda mpaka kituo cha basi nikarudishwa. Kila gari likipita natazama kama linapunguza mwendo. Sijui unasoma haya ukiwa mke au ukiwa nani. Nimeandika sentensi hiyo, nami siifuti, kwa sababu ndiyo iliyokaa nami mezani tangu asubuhi.

Kuhusu ule mstari. Nilikataa mwanzoni. Maisha yangu yote nimepanga herufi, na sijawahi kuchapa kitu nikijua si kweli. Sikuwepo. Theluji ilikuwepo, na kilima, na mwendo wa siku nzima katikati yetu.

Basi nikamwomba Hilda aketi nami. Sikumweleza mengi. Tuliketi jikoni, yeye upande wake na mimi wangu, paka kati yetu, hatukusema neno. Nilimwona Lydia akisimama. Nilimwona mama na pete yake ya pazia. Kisha nikakuona wewe, koti limejaa theluji, na mkono wa Wendell ukitafuta wako juu ya shuka. Sikusikia chochote, lakini hilo si jipya. Hata bustanini sikusikia.

Nilipoinua kichwa Hilda alikuwa analia, wala sikujua kwa nini, labda naye ana wake.

Nimetia sahihi. Jina tupu, bila cheo. Nimelitia kwa sababu nilikuwepo.

Mwambie, kama anaweza kuambiwa. Niandikie neno moja, Zaiga, hata likiwa lile ninaloliogopa.

Babu yako


Harmon
13 Desemba 2007

Babu,

Shikamoo. Mwandiko huu mbaya ni wa kwangu, wala usimlaumu mkeo wa zamani. Amelala kitini, mdomo wazi, baada ya siku nyingi za kutolala, nami nimeiba kalamu yake. Uliambiwa siibi vijiko. Kalamu hazikutajwa.

Simu ya Hilda bado imekufa, ndiyo maana naandika. Wamenifungua, wamenifunga. Nilipozinduka nesi alinielekeza kwa kidole na kuniuliza kama namjua yule aliyesimama miguuni pangu. Nikasema mke wangu. Akauliza nina hakika. Nikasema nimemwoa mara mbili na nina mashahidi.

Jana alikuja bibi wa bima na faili lake. Nilimwona Zaiga anavyoshika ukingo wa kitanda, vidole vyeupe. Bibi akasoma kibali juu mpaka chini, akakigeuza, akauliza mchungaji yuko wapi.

Zaiga akasema, "Theluji imemzuia."

Bibi alitazama dirishani, akaona kweli ni theluji. Akasoma tena zile sahihi mbili, akaandika kitu, akafunga faili, akatutakia Krismasi njema.

Karatasi yetu imefika leo, na jina lako liko juu ya yote. Delmar anataka kujua ni nani mwenye mwandiko mzuri hivyo.

Sasa njoo barabara ikifunguliwa. Mlango mpya walioniwekea moyoni ni wa chuma na unalia kama saa, tik, tik, mchana kutwa. Zaiga akilaza kichwa hapa kifuani anausikia. Wewe hutausikia, najua. Lakini ukiweka mkono utauhisi. Njoo uniwekee mkono, Babu.

Mjukuu wako,
Wendell